Saa Zilipomwishia Chande Urambo

Nyinyi mnaoshika usukani siku hizi mnaonekana. Ukikanyaga breki kwa nguvu Manyoni, kuna mtu Kigoma ameona. Ukizidisha mwendo Kaliua, simu inaita kabla hujarudisha mguu. Sisi tuliendesha miaka mingi bila mtu kujua tulipo, ila Mungu na mama ntilie wa njiani.

Naitwa Rajabu. Nimezaliwa Ujiji, na sasa nakaa Kasingirima kwenye nyumba iliyojengwa na magurudumu kumi na manane, tofali kwa tofali, safari kwa safari. Jioni huwa mnanipitia hapa, mnakunywa kahawa yangu, mnaniuliza: "Mzee, ni kweli mlikuwa mnatoka Dar mpaka Kigoma bila kulala?" Mnauliza macho yanawaka, mnataka niseme ndiyo. Zamani nilisema ndiyo mara nyingi kupita kiasi. Leo nataka kuwajibu vizuri zaidi.

Lakini kwanza mjue kwamba najivuna, na sioni aibu kujivuna. Nimestaafu na miguu yangu miwili, macho yangu mawili, na hakuna mwanamke aliyewahi kukaa eda kwa sababu yangu. Katika kazi yetu hiyo ndiyo nishani. Nyingine zote ni stika za kubandika kwenye kioo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Filimoni, Muha wa Kasulu, mfupi hata akawa anakalia mto ili aione barabara. Alikuwa anaendesha peku. Alisema kiatu ni kiziwi. Mguu mtupu unasikia injini inavyopumua. Kila tuliposimama alizunguka gari na rungu lake, anagonga matairi moja moja. Tairi zima linalia kama ngoma, tairi lililoishiwa upepo linalia kama gunia la muhogo. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta mkono unaniwasha nitafute rungu.

Na alinifundisha kwa kuniacha nikosee. Mara ya kwanza kufunga mzigo mwenyewe ilikuwa mapipa ya mawese. Nikayafunga kwa kamba za katani asubuhi ya mvua, zimelowa chapachapa, zimekaza hasa. Nikajipiga kifua. Mzee Filimoni alitazama tu, akapanda kwenye mto wake. Tulipokaribia Uvinza jua lilikuwa limetoka, kamba zimekauka, na kamba ya katani ikikauka hulegea. Tukaruka tuta moja. Pipa la kwanza likashuka, la pili likalifuata. Kufumba na kufumbua barabara imekuwa nyekundu, akina mama wanakimbia na mabeseni na sufuria, na mbuzi mmoja mweupe amegeuka rangi ya chungwa.

Mzee Filimoni akashuka, akatazama, akaniambia: "Umewaungia Uvinza nzima mboga. Sasa nenda uwaombe kitunguu."

"Mzee, uliziona kamba asubuhi?"

"Niliziona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesahau kesho. Sasa hutasahau hata ukizeeka."

Sijasahau. Hata hizi kanda zenu za kisasa za kukazia mzigo, nawaambia, simameni mzikague baada ya nusu saa ya kwanza. Mzigo ni kama mgeni. Kwanza hukaa kwa adabu, baadaye ndipo hujinyoosha.

Basi, miaka ikaenda. Mzee Filimoni akapumzika, mimi nikawa ndiye mzee. Barabara ya vumbi ikawa lami, daraja la Malagarasi likajengwa, njia iliyokuwa ikitumaliza wiki kwenye tope tukaanza kuipita kwa siku moja. Nikahamia kwa Bi. Zuhura, mama wa Ujiji aliyeachiwa magari matano na marehemu mumewe akayafanya kumi na mawili. Hapo ndipo kilipotukuta king'amuzi cha magari.

Kilikuwa kijisanduku kidogo, kimefichwa nyuma ya dashibodi. Kila dereva akapewa batani yake, kitu mfano wa kifungo cha koti. Ukitaka kuondoka unagusisha batani yako, na kijisanduku kinakuandika: Rajabu ameanza saa fulani, anakwenda mwendo fulani, amepumzika mahali fulani. Kanuni yetu ilikuwa hivi. Ukiendesha saa nne mfululizo, pumzika nusu saa. Ukitimiza saa nane kwa siku, egesha mpaka kesho asubuhi. Na usiku gari halitembei isipokuwa lina madereva wawili, kila mmoja na batani yake. Ukikaidi, filimbi inalia ndani ya gari na alama nyekundu inawaka ofisini.

Aliyekaa mbele ya hizo alama nyekundu alikuwa Neema, binti kutoka Mbeya, mwembamba, mpole, aliyeajiriwa kusimamia safari. Siku ya kwanza alitukusanya yadi, akatuamkia vizuri: "Shikamooni wazee wangu." Tukaitikia, lakini kwa koo, si kwa moyo. Akaeleza yote. Alipomaliza akasimama Chande.

Chande ndiye rafiki yangu mkubwa. Tulianza kazi pamoja, tulioa mwaka mmoja. Mrefu, mwenye maneno, hata watu wa mizani ya barabarani walikuwa wanacheka kabla hajafungua mdomo. Akasema: "Mwanangu, mimi barabara hii naijua tangu mama yako hajachumbiwa. Leo niulize kidude kama nimechoka?"

Neema akajibu bila kuinua sauti: "Hutakiuliza, Mzee. Kitakuambia chenyewe."

Tulicheka wote. Chande hakucheka.

Msidhani tulikuwa wakaidi tu. Tulikuwa na hoja. Kidude kilikuwa hakijui tofauti ya kuendesha na kusubiri. Ukiwa kwenye foleni ya mizani, unasogea hatua kumi, unasimama, unasogea tena, saa zako zinaliwa kana kwamba uko mbio. Na kulikuwa na uchungu mwingine ambao hatukuusema kwa mdomo. Mtu ameaminiwa miaka thelathini na neno lake tu. Akisema nimefika salama, amefika. Halafu siku moja neno lake haliaminiki mpaka kijisanduku kikubali. Hilo liliuma.

Na hicho kijisanduku chenyewe kilikuwa na mambo yake. Siku moja nimeegesha Kibirizi karibu na maji, nakula ugali na samaki wetu mgebuka, simu ikaita. Neema anahema.

"Mzee Rajabu, uko salama?"

"Niko salama, nakula."

"Unakula wapi?"

"Kibirizi."

"Mbona gari naliona ziwani? Liko mbali kabisa na ufuko!"

Nikageuka kulitazama gari langu. Liko palepale, kuku wamejilaza kivulini mwake. "Basi mwambie huyo mjuzi wako," nikasema, "aniletee nyavu na karabai."

Alicheka mpaka akakohoa. Chande aliponisikia akaniita Nahodha mwezi mzima.

Lakini kuna Jumatatu moja Neema aliniita ofisini, nikaenda nimejiandaa kugombezwa. Mezani alikuwa ameweka karatasi mbili, kila moja ina mstari. Wa kwanza ulipanda na kushuka kwa ncha kali kama msumeno. Wa pili ulishuka taratibu kama kanzu kwenye kamba siku isiyo na upepo.

"Huu msumeno ni wa dereva mmoja kijana," akasema. "Kila jino ni breki kali. Na huu mwingine unaujua?"

"Siujui."

"Ni wa kwako. Mteremko wa Sekenke, umejaza saruji. Nimeutafuta jino, Mzee, sijaliona hata moja. Unafanyaje?"

Vijana wangu, mimi nilikuwa nimeteremka Sekenke mara nisizoweza kuzihesabu. Matajiri walinisifu nikiwahi, walinikaripia nikichelewa. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniuliza: unafanyaje? Nikavuta kiti. Nikamwambia alichoniambia Mzee Filimoni, kwamba mlima unaoushuka, uushuke kwa gia ambayo ungeupandia, na gia hiyo uiingize juu kileleni, si katikati, kwa sababu katikati mlima umeshakukamata. Na breki usiikalie. Ibonyeze kama unavyobonyeza embe sokoni kuona kama limeiva, kisha uliachie. Ukilikandamiza umelinunua. Na "buhoro buhoro," yaani polepole, alivyosema yule mzee kwa Kiha chake, maana hakuna aliyewahi kufika chini ya Sekenke mapema mno akafurahi.

Neema akaandika yote. Kesho yake ule mstari wangu ulikuwa ukutani, na chini yake maneno: *Hivi ndivyo Sekenke inavyoshukwa.* Nikajifanya sikuuona. Ila nakiri kwamba wiki ile nilipoteza funguo zangu mara nyingi sana, na kila mara nilizitafuta kwenye ukuta ule. Niliona kuwa kidude nilichokidhani kimekuja kunishitaki kinaweza pia kusimama shahidi wangu.

Sasa niwaambie ya Urambo.

Ilikuwa msimu wa mvua. Mimi nilikuwa narudi Kigoma nikakwama Urambo, bolti ya springi imekatika, nasubiri spea kutoka Tabora. Siku ya pili yake, Alhamisi saa kumi jioni, gari la Chande likaingia kwenye yadi ile ile, filimbi inalia ndani. Maji yalikuwa yamekata barabara upande wa Tabora, magari yakawekwa foleni, na Chande akakaa humo tangu asubuhi anasogea na kusimama. Saa zake zote nane ziliishia kwenye tope.

Alishuka, hakunisalimu hata. "Rajabu, nipe batani yako."

Nilijua anachotaka. Batani yangu ilikuwa imelala siku mbili, ina saa zote. Akiigusisha kwenye gari lake, kidude kingeamini mna madereva wawili ndani, yeye amelala na mimi ninaendesha. Angetembea usiku kucha. Wapo waliokuwa wanafanya hivyo, msinitazame kama hamjui.

Na nilijua kwa nini. Kesho yake Ijumaa, saa nne asubuhi, binti yake Mwajuma alikuwa anaolewa Ujiji. Mtoto wake wa pekee wa kike. Yeye ndiye walii wa kumwozesha. Kanzu ya harusi ilikuwa inaning'inia ndani ya gari lake, kwenye mfuko wa nailoni, tangu alipotoka Dar. Akisubiri mpaka asubuhi ndipo aondoke, na mzigo ule na barabara ile, angefika Ujiji watu wanaosha sufuria.

"Siwezi, Chande," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mkono wake mwenyewe. "Mimi niliyebeba jeneza la baba yako. Leo unaninyima kitu kidogo kama kifungo, ufurahishe kompyuta? Wamekubandika ukutani, Rajabu, wamekumaliza. Umeolewa na kile kidude!"

Watu wa yadi walikuwa wanasikia. Nikamshika mkono, nikamwambia tutembee. Alikataa, nikamvuta. Tukavuka barabara, tukaenda kama mwendo wa kumaliza sigara, mpaka kwenye shamba la tumbaku lililopakana na barabara. Majani mapana, mabichi, yamekunywa mvua.

"Unapajua hapa?" nikamuuliza.

"Shamba."

"Hapa ndipo nilipolala."

Nikamsimulia. Miaka mingi nyuma, kabla ya lami, nilikuwa nimetoka Dar na dau la kijinga na madereva wenzangu, kwamba nitafika Kigoma bila kufumba jicho. Chande mwenyewe alikuwa mmoja wao. Nilitafuna kahawa mbichi, niliimba, nilijimwagia maji. Saa sita mchana, jua kali, barabara imenyooka. Sikumbuki usingizi ulivyokuja, maana usingizi wa barabarani haubishi hodi. Ninachokumbuka ni majani yanagonga kioo. Nikakanyaga breki. Gari likasimama katikati ya tumbaku, na mbele ya bampa, hatua tatu, amesimama mama mwenye mtoto mgongoni, jembe bado liko hewani. Hakuwahi hata kulishusha.

Nikaruka chini. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa uongo. "Samahani mama, tairi limepasuka."

Yule mama akashusha jembe. Akalizunguka gari langu polepole, anaangalia tairi moja moja, mtoto amelala mgongoni hajui kitu. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Matairi yote mazima, baba," akasema. "Aliyepasuka ni wewe."

Akanipa maji ya kwenye kidumu chake ninawe uso. Akaniamuru nilale pale chini ya tela, na akaendelea kulima, akinilinda. Sikuwahi kujua jina lake. Na nilipofika Kigoma niliwaambia wote, na Chande akiwemo, kwamba nilichelewa kwa pancha.

Chande alikuwa ameinamisha kichwa. "Ile pancha ya Urambo," akasema.

"Ile."

"Miaka yote hii umekula sifa ya kutolala."

"Nimekula."

Nikadhani ataniambia neno baya, na nilikuwa tayari kulipokea. Badala yake akavua kofia, akajifuta uso nayo.

"Leo kwenye foleni," akasema, "nimelala mara mbili. Mara ya pili niliamshwa na honi ya nyuma, gari linabingirika lenyewe kuelekea mtaroni." Akatazama barabara ya kwenda Kigoma. "Lakini Mwajuma, Rajabu. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia mwenyewe, ana kwa ana. Panda basi."

Kulikuwa na basi linalotoka Dodoma, hupita Urambo kwenye saa kumi na moja. Chande aliposikia neno basi akakunja uso. Nyinyi hamwezi kuelewa. Dereva wa zamani haachi gari lake njiani. Akiliacha, ni amekufa au amefukuzwa. Na kanuni ya Bi. Zuhura ilikuwa hivyohivyo: mzigo na dereva wake hawatengani.

Nikampigia Neema, nikaweka simu wazi ili Chande asikie.

"Neema mwanangu, naomba kitu. Chande saa zake zimekwisha, na kesho anaozesha. Aache gari hapa, aje na basi. Mimi nimekwama vilevile, nitalinda yote mawili."

"Mzee, mimi siwezi kuruhusu hilo. Na saa zake siwezi kuzigusa, hata ningetaka."

"Sijakuomba uziguse. Mpe simu Bi. Zuhura."

Bi. Zuhura hakuwa mama wa maneno mengi. "Rajabu, huo mzigo wa saruji wa Chande ukilowa?"

"Ukilowa, nitakuja mwenyewe kusimama mbele yako."

"Sikuulizi utasimama wapi. Nakuuliza ukilowa?"

"Hautalowa, Bibi."

Nikasikia anamuuliza Neema kitu pembeni, na Neema akajibu, na sauti yake niliisikia vizuri: "Ni yule wa ukutani, Bibi." Kisha Bi. Zuhura akarudi. "Mwambie Chande amsalimie bibi harusi. Na wewe, ulale kwenye gari lake, si kwenye gesti."

Basi lilipokuja Chande alipanda na mfuko wake wa nailoni, amekaa kiti cha nyuma ya dereva. Nilimwona kupitia kioo: hata kabla basi halijatoka stendi, kichwa kilikuwa kimedondoka kifuani. Amelala fofofo, mdomo wazi, kanzu kaipakata kama mtoto.

Ijumaa mvua ilinyesha Urambo tangu alfajiri, ya upepo, ile inayotafuta mwanya. Turubai la Chande lilikuwa na tundu pembeni. Nilipanda mwenyewe juu ya saruji yake, kwa umri wangu ule, nikavua turubai langu nikalitandika juu ya lake, nikafunga, nikashuka, nikasubiri nusu saa, nikapanda tena kukaza. Gari langu halikuwa na mzigo wa kulowa, nilikuwa nimebeba mabati. Nililowa mimi. Katikati ya shughuli hiyo simu ikatetemeka mfukoni. Sauti iliyorekodiwa. Nikaiweka sikioni na mvua inanipiga: kwanza sheikh, kisha Chande, maneno yamenyooka, anamwozesha Mwajuma binti Chande. Kisha yule kijana anakubali. Kisha vigelegele, vingi, vya Ujiji, vile vinavyoanza mtaa mmoja na kuishia mtaa wa tatu. Nilikaa juu ya mifuko ile ya saruji nikasikiliza mara nne.

Jumapili akarudi na hotpoti ya pilau. Akalizunguka gari lake, akaona maturubai mawili, akaingiza mkono chini kupapasa mfuko. Mkavu. Hakuniambia asante na mimi sikuingoja. Alisema tu: "Kula, limepoa njiani." Spea yangu ilikuwa imeshafika. Tukaondoka pamoja, yeye mbele mimi nyuma, na baada ya saa nne, bila filimbi kulia, taa yake ya kushoto ikawaka. Akaegesha. Nikaegesha nyuma yake.

Yapo yaliyofuata. Chande na mimi tulimwendea Neema na hoja ya foleni, tukiwa na tarehe na mahali, si kwa kelele. Alikaa na mafundi wa kile kidude majuma kadhaa. Wakaweka kitufe cha kusubiri. Ukisimama kwenye foleni ukikibonyeza, na gari kweli halitembei, saa zako haziliwi. Hicho mnachokibonyeza leo bila kufikiri kilitoka kwenye tope la Tabora na ubishi wa wazee wawili.

Mwezi niliostaafu, Bi. Zuhura aliita mkutano wa madereva wote yadi, wazee na wapya. Neema alikuwa na kompyuta yake mezani kuandika kumbukumbu, kama kawaida yake. Dereva mmoja mpya, kifua mbele, akasimama akasema kanuni za kupumzika ni za watu laini. Akaninyooshea kidole. "Huyu Mzee Rajabu hapa alitoka Dar mpaka Kigoma bila kulala. Dereva ni yule!"

Wakapiga makofi. Nilikuwa naweza kuyapokea. Nilikuwa nimeyapokea miaka mingi, na siku ile ilikuwa ya kuagwa kwangu, nani angenilaumu? Nikasimama.

"Nililala," nikasema. "Urambo, saa sita mchana. Nilikaribia kumuua mama na mtoto wake. Pancha ilikuwa uongo."

Makofi yakakatika. Nikabaki nimesimama, sijui niketi au nitoke. Kijana aliyenisifu akatazama viatu vyake. Nikaanza kujuta.

Kisha Chande akasimama, akavua kofia. "Mimi, foleni ya Tabora. Mara mbili, siku moja kabla ya kumwozesha binti yangu."

Kutoka nyuma, mzee mwingine, ambaye sijawahi kumsikia akikiri hata kukosea njia: "Manyoni. Mchana kweupe. Nilisema ni punda."

"Nyakanazi," akasema wa pembeni yake. "Niliamka kwenye mtaro. Nilisema ni tope."

"Kaliua."

"Mimi Kibondo, na nilikuwa nimembeba mke wangu."

Wakasimama mmoja mmoja, wanaume wenye mvi, watu niliowajua kwa majigambo yao tu, kila mmoja na mahali pake na uongo wake mdogo. Nikatazama upande wa meza. Neema alikuwa amefunga kompyuta. Mikono yake ilikuwa juu ya kifuniko, imetulia, na katika yote yaliyosemwa pale hakuandika hata neno moja.